Miaka ya Kusini: Kardinali Polycarp Pengo kutoka Nachingwea hadi Dar es Salaam

Polycarp Pengo, kardinali wa pili katika historia ya Kanisa Katoliki Tanzania, aliongoza majimbo mawili ya kusini kabla ya kwenda Dar es Salaam. Alianza na Nachingwea mwaka 1984, na kuanzia Oktoba 1986 hadi Januari 1990 akawa askofu wa Tunduru-Masasi. Wasifu wake ukiandikwa, miaka hiyo sita kwa kawaida hupewa sentensi moja, kisha mwandishi anakimbilia Dar es Salaam, Roma na kofia nyekundu. Haraka hiyo humpunja msomaji. Yeye mwenyewe hakuzaliwa kusini wala hakusomea huko, lakini kusini ndiko alikokuwa askofu kwa mara ya kwanza, na kipindi alichokabidhiwa kilikuwa kigumu kuliko ambavyo orodha ya vyeo inaweza kuonyesha.

Alizaliwa tarehe 5 Agosti 1944 Mwazye, Ufipa, katika pembe ya kusini-magharibi ya nchi. Injili ilifikishwa huko na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, na Ufipa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako Ukatoliki ulishika mizizi mapema na kuenea karibu kila kijiji. Alipewa upadre tarehe 20 Juni 1971 na Askofu Karolo Msakila wa Sumbawanga. Mwaka 1973 alipelekwa Roma kusomea teolojia ya maadili, akarudi mwaka 1977 na shahada ya udaktari. Alifundisha kwa muda mfupi Seminari Kuu ya Kipalapala, Tabora, kisha akakabidhiwa Seminari Kuu ya Segerea, Dar es Salaam, ikiwa changa kabisa. Yeye ndiye gombera wake wa kwanza, na alikaa hapo hadi 1983.

Gombera wa seminari kuu hujulikana na maaskofu wengi kuliko padre yeyote wa parokia. Kila askofu mwenye mafrateri wake pale hupokea taarifa zake, hubishana naye kuhusu nani aendelee na nani arudishwe nyumbani, na humwona akisimamia chakula, ada, nidhamu na masomo kwa pamoja. Segerea iko ndani ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam, kwa hiyo Kardinali Laurean Rugambwa, aliyekuwa askofu mkuu hapo, alikuwa na nafasi nzuri ya kumfahamu. Maaskofu wa nchi za misioni huteuliwa kupitia idara ya Roma inayoshughulikia uinjilishaji wa mataifa. Balozi wa Papa hukusanya maoni kwa siri, hupeleka majina matatu, na Papa huamua. Hakuna mgombea wala kampeni, lakini jina halitoki hewani.

Uteuzi ulitangazwa tarehe 11 Novemba 1983. Tarehe 6 Januari 1984, Sikukuu ya Tokeo la Bwana, Papa Yohane Paulo II alimweka wakfu katika Basilika la Mtakatifu Petro. Askofu mpya wa Nachingwea alikuwa na umri wa miaka 39.

Jimbo alilokabidhiwa lilitokana na historia ndefu ya Wabenediktini. Mwezi Novemba 1887 Roma ilitenga eneo la kusini mwa koloni la Wajerumani na kulikabidhi kwa watawa wa Mtakatifu Otilia, shirika lililoanzishwa Bavaria miaka mitatu tu kabla. Kituo chao cha kwanza, Pugu, kilivamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Baadaye wakaelekea bara ya Lindi: Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896. Mwaka 1902 eneo lote likawa vikarieti chini ya Askofu Cassian Spiss. Tarehe 14 Agosti 1905, akiwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho, Spiss aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wiki hizohizo Lukuledi na Nyangao zikateketezwa.

Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, baada ya majivu hayo, wakati wa Askofu Thomas Spreiter. Mahali penyewe panaeleza mengi. Juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, udongo wa kichanga hunywa mvua yote na kuacha vijiji bila mto wala kisima. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka magenge na kupanda tena na maji kichwani. Maji hayo hayapotei. Hutokeza chini ya magenge kwa chemchemi zisizokauka, na Ndanda ipo hapo hapo chini. Misioni yenye maji ya kudumu iliweza kuwa na bustani, karakana, shule, hospitali na kiwanda cha uchapaji, na polepole ikawa makao makuu ya Kanisa zima la upande huu. Jirani yake wa zamani zaidi ni Masasi ya Waanglikana, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Hivyo Mkatoliki wa Masasi amezoea tangu utoto kuwa na shangazi Mwanglikana na mjomba Mwislamu, jambo ambalo kwa mtu aliyetoka Ufipa ni geni.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoondolewa, Mswisi Gallus Steiger alishika uongozi wa Prefektura ya Lindi. Desemba 1931 eneo hilo liligawanywa kuwa abasia mbili zenye hadhi ya jimbo, Peramiho na Ndanda. Mpango huo ulikuwa wa pekee: abate aliyeongoza watawa ndani ya ukuta wa monasteri ndiye pia alikuwa na mamlaka ya askofu juu ya parokia zote za nje. Ndanda iliongozwa kwa namna hiyo na Joachim Ammann, kisha kuanzia 1949 na Viktor Hälg, wote Waswisi. Faida ilikuwa kubwa. Padre wa kijijini alikuwa na monasteri nyuma yake, pamoja na mafundi, daktari, gari, na wafadhili wa Ulaya. Gharama yake ilijitokeza baadaye, wakati Kanisa lilipotakiwa kuwa na maaskofu wazawa na majimbo ya kawaida yasiyotegemea ukuta wa monasteri.

Mwaka 1963 Nachingwea ilikatwa kutoka Ndanda ikawa jimbo, na askofu wake wa kwanza akawa Mmarekani, Arnold Cotey, wa shirika la Wasalvatoriani. Desemba 1972 mamlaka ya abasia juu ya parokia yalikoma, Jimbo la Mtwara likaundwa, na Maurus Libaba akawa askofu wake. Watawa walibaki na abasia yao. Cotey aliendelea Nachingwea hadi 1983, kwa hiyo Pengo alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile.

Nachingwea yenyewe ilikuwa mji wa mipango iliyopita. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Uingereza ilimwaga fedha huko kwa mradi wa karanga. Reli ilijengwa, matrekta yakaletwa, na mradi ukafa. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO walifanya mazoezi huko hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Mwaka 1984 Tanzania nzima ilikuwa katika dhiki: sukari, sabuni na vitambaa vilipatikana kwa foleni, na mafuta ya gari yaliadimika. Askofu asiye na mafuta hana jimbo, maana kazi yake ni kuwafikia watu.

Sheria nayo ilikuwa imebadilika. Mkusanyiko mpya wa Sheria za Kanisa ulianza kutumika tarehe 27 Novemba 1983, siku kumi na sita baada ya uteuzi wake. Kwa mujibu wa sheria hizo, kila jimbo lazima liwe na baraza la fedha, baraza la mapadre, na jopo la washauri wasiopungua sita wala kuzidi kumi na wawili. Askofu anatakiwa atembelee jimbo lake lote angalau mara moja kila miaka mitano. Kwa jimbo la Ulaya lenye ofisi za karne nyingi, hayo yalikuwa marekebisho. Kwa Nachingwea, yenye mapadre wachache waliotawanyika porini, kuwatoa washauri sita tu kwenye parokia zao kwa kikao cha siku mbili kulimaanisha Misa kadhaa za Jumapili zisizosomwa.

Oktoba 17, 1986, Roma iligawanya tena. Jimbo la Nachingwea likabadilishwa kuwa Jimbo la Lindi, na upande wa Masasi na Tunduru ukawa jimbo jipya, Tunduru-Masasi. Pengo hakubaki kwenye kiti cha zamani chenye nyumba na kumbukumbu. Alihamishiwa kwenye kipya.

Jina lenye kistari linaonyesha tatizo. Masasi iko Mkoa wa Mtwara, Tunduru iko Mkoa wa Ruvuma, na katikati ni pori refu lenye tembo, mito na, kwa wakati ule, barabara ya udongo ambayo masika iliigeuza tope. Mpaka wa kusini ni Mto Ruvuma, na ng'ambo yake vita vya Msumbiji vilikuwa vikiendelea na kusukuma wakimbizi kuja upande wa Tanzania. Tunduru ni nchi ya Wayao, wengi wao Waislamu. Masasi ni mchanganyiko wa Wamakua, Wayao na Wamakonde, na Waanglikana wana nguvu. Wakatoliki walikuwa vigango vilivyotengana kwa mwendo wa siku nzima. Askofu hapo alikuwa kiongozi wa wachache, na wachache wenyewe hawakukaa pamoja.

Mwaka huo wa 1986 pia ulikuwa mbaya kwa mkulima. Uchumi wa Masasi, Newala na Tunduru ni korosho, na msimu wa kuokota huanza Oktoba. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000. Katika msimu wa 1986/87, ambao ndio wa kwanza katika maisha ya jimbo jipya, mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Vijiji vya ujamaa viliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua kabla hayajashika. Mikorosho ikaachwa ikamezwa na nyasi. Zaka ya Mkristo wa Masasi hutoka kwenye gunia la korosho. Gunia lisipokuwepo, kapu la sadaka hurudi na mihogo, kuku na shilingi chache. Sidhani kama ofisi ya Roma iliyopanga tarehe ya jimbo jipya iliangalia takwimu za korosho.

Kazi ya kuanzisha jimbo ni ya makaratasi kabla haijawa ya mawe. Kila parokia hutunza vitabu vinne: ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo. Kijana aliyebatizwa chini ya jimbo moja, akapokea kipaimara chini ya lingine na sasa anataka kufunga ndoa chini ya la tatu, lazima cheti chake kifuatwe parokia alikobatizwa, na kila sakramenti iandikwe pembeni mwa jina lake kwenye kitabu kilekile cha kwanza. Katika eneo lililobadilishwa mipaka mara nne ndani ya miaka hamsini na tano, kazi hiyo huangukia mabega ya katekista. Yeye ndiye mwenye daftari la majina, ndiye anayejua kwamba Yohane wa kigango hiki ni yuleyule aliyeandikwa kwa jina la kimakua kwenye kitabu cha misioni ya zamani. Askofu anapofika kwa kipaimara baada ya mwaka mmoja au miwili, hukuta daftari hilo mezani, pamoja na wasimamizi waliovaa nguo zao za sikukuu na watoto waliofundishwa kumjibu kwa sauti moja.

Pamoja na makatekista, chombo kingine kilichowezesha jimbo kama hilo kuishi ni jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, na katika nchi yenye mapadre wachache zilikuwa karibu ndiyo njia pekee. Kaya kumi au kumi na tano zinazosali pamoja, zinazozika pamoja na kuchangishana hazihitaji padre kila wiki. Mfumo huo ulifaa zaidi Tunduru kuliko Dar es Salaam, na huenda mtu aliyeutegemea kwa lazima aliuelewa vizuri kuliko aliyeusoma kwenye hati.

Hadi 1987 majimbo ya kusini yalikuwa chini ya kanda ya Dar es Salaam. Novemba mwaka huo Songea ilipandishwa kuwa jimbo kuu chini ya James Komba, na Lindi, Mtwara na Tunduru-Masasi zikahamia huko. Mpaka hapo Pengo alikuwa amekaa karibu miaka minne kama askofu wa kanda ya Rugambwa, na uhusiano huo ulizaa matunda. Tarehe 22 Januari 1990 aliteuliwa Askofu Mkuu Mwandamizi wa Dar es Salaam. Askofu mwandamizi hutofautiana na askofu msaidizi kwa jambo moja kubwa: kiti kikiwa wazi, yeye hukirithi moja kwa moja bila uteuzi mwingine. Tarehe 22 Julai 1992 Rugambwa alipong'atuka, mrithi alikuwepo tayari.

Waliobaki Tunduru-Masasi ndio walioionja gharama ya uhamisho huo. Jimbo lenye umri wa miaka mitatu na miezi mitatu likakosa askofu hadi 1992, alipokuja Magnus Mwalunyungu. Kanisa huchukua viongozi wa majimbo changa na kuwapeleka kwenye majimbo makubwa kwa sababu zinazoeleweka, lakini si haki kuieleza desturi hiyo kana kwamba haiwaumizi waliobaki.

Dar es Salaam ilikuwa dunia nyingine. Sensa ya 1988 ilihesabu watu wapatao milioni 1.36, ile ya 2012 ilihesabu milioni 4.36. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna karibu utumishi wote wa Pengo kama askofu mkuu. Parokia zilizokuwa pembezoni zikajikuta katikati ya mji, na mashamba ya Mbagala, Kimara na Tegeta yakawa makazi yaliyohitaji makanisa, shule na mapadre kwa wakati mmoja. Radio Tumaini ya jimbo kuu ilianza kusikika mwaka 1994, serikali ilipokuwa imefungua mlango kwa vyombo binafsi.

Rugambwa alifariki Desemba 1997. Tarehe 21 Februari 1998 Yohane Paulo II alimfanya Pengo kardinali padre, akipewa kanisa la Mama Yetu wa La Salette, Roma. Mwezi huohuo Dar es Salaam ilikuwa imetoka kwenye vurugu za Mwembechai, ambako polisi walifyatua risasi na watu wakapoteza maisha, na uhusiano wa Wakristo na Waislamu ulikuwa na joto. Joto hilo lilirudi tena: mwaka 2012 makanisa yalichomwa Mbagala, na tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar, jimbo lililo katika kanda ya Dar es Salaam. Wiki chache baadaye Pengo alikuwa Roma kwenye mkutano wa makardinali uliomchagua Papa Fransisko. Alikuwa amepiga kura pia mwaka 2005, alipochaguliwa Benedikto XVI.

Kati ya 2007 na 2013 alikuwa rais wa SECAM, umoja wa maaskofu wa Afrika na Madagaska ulioanzishwa Kampala mwaka 1969. Nafasi hiyo ina heshima kuliko mamlaka, kwani kila baraza la maaskofu hubaki na uamuzi wake.

Jambo lililomgawanya zaidi na wenzake lilikuwa la nyumbani. Machi 2015 viongozi wa Kikristo kupitia jukwaa lao la pamoja, likiwamo Baraza la Maaskofu Katoliki, walitoa tamko la kuwataka waumini waikatae Katiba Inayopendekezwa kwenye kura ya maoni. Pengo alijitenga hadharani na tamko hilo, akisema waumini waisome wenyewe na kuamua. Alishambuliwa kwa maneno makali, mengine kutoka kwa mhubiri maarufu wa mjini. Waliomwona amewasaliti wenzake walikuwa na hoja, kwa sababu baraza linalotoa kauli moja hudhoofika mkubwa wake anapotoa nyingine. Lakini msimamo wake haukuwa mgeni. Mtaalamu wa maadili aliyefundishwa kwamba dhamiri huelimishwa, haiamriwi, na aliyewahi kuongoza Wakatoliki wachache katikati ya watu wa dini nyingine, hangeona ni rahisi kuwapa waumini jibu la kura. Kura yenyewe haikupigwa hadi leo.

Kusini aliendelea kugusana nako kwa njia ya watu. Titus Mdoe, aliyekuwa askofu wake msaidizi Dar es Salaam tangu 2013, aliteuliwa mwaka 2015 kuwa askofu wa Mtwara kumrithi Gabriel Mmole, na hivyo kuwa mchungaji wa eneo ambalo Abasia ya Ndanda imo. Tunduru-Masasi, baada ya Mwalunyungu, iliongozwa na Castor Msemwa hadi alipofariki mwaka 2017, kisha Filbert Mhasi.

Sheria ya 1983, ileile iliyomkuta akianza uaskofu, inamtaka askofu kuomba kustaafu akitimiza miaka 75. Pengo aliitimiza tarehe 5 Agosti 2019, na tarehe 15 Agosti ombi lake likakubaliwa. Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, aliyekuwa askofu mwandamizi tangu 2018, akarithi kiti kwa utaratibu uleule wa 1992. Ruwa'ichi ni Mkapuchini, wa shirika lililopokea Dar es Salaam kutoka kwa Wabenediktini baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kuishika hadi Askofu Mkuu Edgar Maranta alipostaafu mwaka 1968.